Dada Yangu Ananipikia kwa Upendo, Nami Ninakula kwa Siri

SWALI

Mshauri wetu, shikamoo.

Mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 43, nina mume na watoto wawili, na nina saratani ya titi la kushoto. Nimekwisha kufanyiwa upasuaji, majibu ya maabara yameonyesha kwamba saratani yangu ni ya aina inayochochewa na homoni, na sasa niko katikati ya tibakemikali. Baada ya hapo nimeambiwa kutakuwa na mionzi, kisha vidonge vya homoni kwa miaka kadhaa. Kuhusu matibabu yenyewe sina malalamiko. Tatizo langu liko mezani.

Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyemuuguza mama yetu mpaka alipofariki kwa ugonjwa huu huu, alifunga biashara yake akaja kukaa nasi tangu nilipotoka hospitalini. Huamka kabla ya watu wote, anawaandaa watoto, anafua, ananiogesha siku ambazo sina nguvu. Ameshika na jiko. Kutokana na mambo aliyoyasoma na video alizozitazama, ameondoa nyumbani sukari ya kila namna, hata matunda matamu, kwa kuwa anaamini sukari ndiyo chakula cha saratani. Ameondoa nyama, mayai na maziwa akisema vina homoni, akaondoa na soya kwa sababu hiyo hiyo. Kilichobaki ni mboga za majani, nafaka kidogo, juisi ya mboga mbichi asubuhi na jioni, na unga wa mitishamba unaokorogwa katika maji ya moto, ambao mtu fulani alimhakikishia kwamba unasafisha sumu za dripu. Habari za unga huo sijamweleza daktari. Nilipomuuliza daktari nile nini, alinijibu, "Kula chochote unachoweza," akageukia faili la mgonjwa mwingine.

Siku za mwanzo baada ya dripu, mdomo wangu huwa na ladha ya chuma, na harufu ya mboga zinazochemka inanitapisha. Ninachoweza kumeza ni mkate na mayai ya kuchemsha, ambavyo mume wangu huniletea kwa kificho, nami ninakula chumbani nikiwa nimefunga mlango. Hata hivyo uzito umepungua na nguo zote zinanipwaya. Dada anafurahi, anasema ugonjwa unakufa njaa.

Majuzi alikuta maganda ya mayai na mfuko wa mkate chini ya kitanda. Hakunigombeza, alilia. Wiki hiyo hiyo nilikwenda hospitalini, vipimo vya damu vikaonyesha kwamba chembe nyeupe zimeshuka mno, dripu ikaahirishwa. Dada akaniambia kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko makemeo: "Unaona sasa? Mama naye alikuwa mbishi wa chakula." Tangu hapo usingizi umenikimbia. Nawaza kwamba huenda ni kweli nimejiharibia, na huenda hata ugonjwa wenyewe niliuleta mwenyewe, maana nilikuwa mnene na nilipenda soda. Mume wangu anataka kumwambia dada aachie jiko. Mimi siwezi kumvunja moyo mtu aliyeacha kila kitu kwa ajili yangu, lakini pia nimechoka kudanganya. Nifanye nini?

Mla kwa Siri

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa maradhi na kwa huo mzigo wa pili uliowekwa juu ya maradhi. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila ninapoisoma naona imebeba mambo matatu yaliyofungwa pamoja: swali la lishe, swali la dada yako, na swali la hatia. Umeyauliza kama jambo moja kwa sababu nyumbani kwako yamekuwa jambo moja. Niruhusu niyafungue, nikianza na lile linalokunyima usingizi.

Chembe zako nyeupe hazikushushwa na mkate wala mayai. Tibakemikali hushambulia chembe zinazogawanyika kwa haraka, na uboho wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, umejaa chembe za namna hiyo. Ndiyo maana kwa dawa nyingi za dripu chembe nyeupe hushuka, mara nyingi kufikia kiwango cha chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, kisha hupanda zenyewe. Kuahirishwa kwa dripu kwa sababu hiyo ni jambo ambalo wodi za saratani hulishughulikia kila wiki, na huwapata wanaokula vizuri na wasiokula. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuzipandisha, iwe yai au juisi ya mboga. Mambo mawili yalitokea katika wiki moja, na ninyi wawili, kwa hofu, mkayaunganisha. Nikiwa hapo hapo nikuombe jambo moja lisilohusu mapishi: joto la mwili likifika nyuzi 38 katika siku hizo, usingoje asubuhi wala usimeze dawa ya kutuliza ukalala, nenda hospitalini mara moja.

Sasa hii habari ya kwamba ulijiletea. Unene baada ya hedhi kukoma, pamoja na pombe katika umri wowote, huongeza uwezekano wa kupata saratani ya matiti, na sitakuficha hilo. Lakini kuongeza uwezekano si sawa na kusababisha, na hakuna daktari anayeweza kumtazama mwanamke mmoja akasema ugonjwa wake ulitoka katika soda. Vihatarishi vikubwa kuliko vyote ni kuwa mwanamke na kuongezeka umri, na hakuna aliyevichagua. Aidha, umeandika kwamba mama yenu alikufa kwa ugonjwa huu. Takribani asilimia 5 hadi 10 ya saratani za matiti hutokana na kasoro za jeni zinazorithiwa, kwa hiyo historia ya familia yenu inastahili kuulizwa kliniki kabla ya kulaumu sahani ya mtu yeyote. Nitalirudia hili, kwa sababu halikuhusu wewe peke yako.

Tukija kwenye jiko, nadhani ungetaka nikuambie kwamba dada yako amekosea yote. Hakukosea yote. Ameshika nusu ya habari, na hiyo nusu aliyoikosa ndiyo inayokugusa wewe uliye katikati ya matibabu.

Chukua sukari. Tangu miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg alionyesha kwamba chembe za saratani hutumia glukosi, yaani sukari iliyomo katika damu, kwa wingi, na hapo ndipo usemi wa kwamba sukari ni chakula cha saratani unapojitafutia ushahidi. Lakini kila chembe ya mwili hutumia glukosi, ukiwemo ubongo, na mwili haukubali iishe katika damu. Usipokula vyakula vya wanga, ini huitengeneza kutokana na vitu vingine, ikiwemo protini ya misuli yako mwenyewe. Hivyo anayefungiwa wanga na protini kwa pamoja haifishi saratani kwa njaa. Anapunguza misuli yake. Kupungua uzito ambako dada yako anakufurahia, mimi kunanitia wasiwasi, hasa kwa sababu wanawake wengi wenye saratani ya matiti huelekea kuongezeka uzito wakati wa matibabu, kwa ajili ya steroidi zinazotolewa pamoja na dripu, kupungua kwa mwendo, na hedhi kukatika ghafla. Kupunguza soda na vinywaji vitamu ni ushauri mwema kwa wengi wetu. Kumnyima mgonjwa tunda kwa sababu ni tamu ni jambo jingine kabisa.

Soya ina historia ya kusikitisha kidogo, kwa sababu hofu yake ilianza kwa nia njema. Ina viambata vinavyofanana kwa umbo na homoni ya estrojeni, basi watu wakahitimisha kwamba italisha saratani kama yako. Hata hivyo utafiti uliofanywa Shanghai kwa wanawake 5,042 waliokwisha kuugua saratani ya matiti, na kuchapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba waliokula soya zaidi walikuwa na vifo vichache na ugonjwa uliwarudia mara chache zaidi. Hiyo haiifanyi soya kuwa dawa, na vidonge vyenye viambata hivyo kwa wingi ni habari nyingine ambayo madaktari wengi huikataa. Inaonyesha tu kwamba chakula chenyewe hakikustahili kufukuzwa nyumbani. Kuhusu maziwa, tafiti hazijaonyesha kwa uthabiti kwamba yanarudisha ugonjwa.

Protini ndiyo ninayotaka uitilie maanani kuliko vyote. Wataalamu wa lishe wa Ulaya wanaoshughulikia saratani hupendekeza kwa mgonjwa zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na ikiwezekana hadi gramu 1.5. Mwanamke wa kilo 60 angehitaji kati ya gramu 60 na 90. Yai moja lina takribani gramu 6. Sasa linganisha hesabu hiyo na mboga za majani na juisi, uone kwa nini mwili wako ulikuwa ukidai yai kwa sauti kubwa kiasi kile. Kula kwako kwa siri umekuita udanganyifu, na sehemu ya udanganyifu ipo, lakini sehemu nyingine ilikuwa mwili unaojaribu kurekebisha kidonda cha upasuaji na utando wa mdomo na utumbo unaoharibiwa na dawa. Nyama si lazima ikiwa haipendezi, maana samaki, kuku, mayai, maharage, dengu, karanga, mtindi na hiyo soya iliyofukuzwa vyote vinaweza kuibeba kazi hiyo.

Juisi mbichi na mitishamba nimeviweka mwisho kwa sababu ndipo ninapokuwa mkali kidogo, univumilie. Wakati chembe nyeupe zimeshuka, mboga mbichi isiyosafishwa vizuri, maziwa yasiyochemshwa, au yai lisiloiva vinaweza kuingiza vijidudu ambavyo mwili hauna askari wa kuvipiga. Juisi hiyo, kama mnaitaka, mboga zake zioshwe vizuri, nayo itengenezwe na kunywewa papo hapo, nanyi muulize kwanza iwapo siku hizo za chini zinafaa. Unga wa mitishamba nisingeujadili hata kidogo kabla daktari hajauona. Mitishamba mingi huvunjwa na ini kwa njia zile zile zinazovunja dawa za dripu, na dawa hizo zikivunjwa haraka mno zinapoteza nguvu, zikivunjwa polepole mno zinageuka sumu kweli. Hata vitamini za kununua si salama kwa sababu tu ni vitamini: katika utafiti wa wanawake 1,134 wenye saratani ya matiti uliochapishwa mwaka 2020, ugonjwa uliwarudia zaidi wale waliotumia vidonge vya vitamini B12 kabla na wakati wa tibakemikali. Utafiti mmoja haufungi mjadala, na mtu aliyepungukiwa B12 hupewa na daktari wake kwa sababu, lakini unatosha kumfanya mtu aulize kabla ya kumeza. Beba huo mfuko wa unga wenyewe uende nao kliniki, usiende na jina tu.

Ukiniuliza kwa jumla kama chakula kinaweza kuzuia ugonjwa usirudi, nitakuambia kwamba Marekani walijaribu kulijibu swali hilo kwa namna mbili. Katika jaribio moja, lililochapishwa mwaka 2006, wanawake 2,437 waligawanywa, wengine wakapunguza mafuta katika chakula, na hao wakapungua uzito kidogo. Baada ya takribani miaka 5, ugonjwa ulikuwa umewarudia asilimia 9.8, dhidi ya asilimia 12.4 ya wenzao. Katika jaribio jingine la mwaka 2007, wanawake 3,088 walifuatwa kwa zaidi ya miaka 7, kundi moja likila mboga, matunda na nyuzinyuzi kwa wingi mno na mafuta kidogo, na mwisho hapakuwa na tofauti ya kujirudia wala ya vifo. Ninavyoyasoma majaribio hayo, jiko lina uzito wake, hasa uzito wa mwili na mazoezi vitakapozungumzwa baada ya matibabu, lakini halina mamlaka ambayo dada yako amelipa. Na mamlaka hayo yakiondolewa, yeye naye huenda akapumua.

Hapo ndipo ninapotaka tumtazame dada yako. Mimi simjui ila kwa kurasa zako, kwa hiyo lichukue hili kama swali. Aliposema kwamba mama naye alikuwa mbishi wa chakula, ulisikia lawama. Je, yawezekana alikuwa anajieleza yeye mwenyewe? Mtu aliyemuuguza mama yake hadi kifo hutafuta mahali ambapo mambo yangekwenda vingine, na akilipata mahali hapo katika chakula, atakilinda chakula cha mgonjwa wa pili kwa nguvu zake zote. Tena yeye ni binti wa mgonjwa na dada wa mgonjwa. Umewahi kumuuliza kama anaogopa kwa ajili ya mwili wake?

Na ninakuuliza wewe pia, kwa upole: ni kweli kwamba ukisema ukweli utamvunja moyo? Alipokuta maganda ya mayai alilia, kisha kesho yake akaamka akakupikia. Hajaondoka. Huenda kilichomliza ni kule kufichwa kuliko mayai yenyewe. Vilevile sidhani kwamba daktari wako ni adui katika hadithi hii, lakini jibu la "kula chochote unachoweza" liliacha shimo, na dada yako, ambaye si mtu wa kukaa bila kazi, alilijaza kwa alichokipata. Kwa mgonjwa anayetapika jibu hilo lina mantiki yake. Kwa anayempikia mgonjwa si jibu.

Njia ziko kadhaa, na kila moja ina gharama yake. Unaweza kuendelea kama sasa, kula kwa siri na kulinda amani, lakini siri hiyo inamtia mumeo upande mmoja na dada yako upande mwingine, nawe chakula unachokula kwa hofu hakikai tumboni vizuri. Mumeo anaweza kusema kama anavyotaka, na ana haki ya kuwa na uchungu. Hofu yangu ni kwamba neno la shemeji kuhusu jiko linaweza kusikika kama kufukuzwa nyumbani, na baada ya hapo hata ushauri sahihi utakuwa na harufu ya ugomvi.

Njia ya tatu ni kumwomba dada aende nawe kliniki, na kuomba kabla ya siku hiyo muonane na mtaalamu wa lishe, au muuguzi wa wodi ya saratani ikiwa mtaalamu huyo hayupo. Aende kama mpishi wako anayehitaji maelekezo, wala si kama mtuhumiwa. Mwombe yeye mwenyewe aandike maswali: sukari, soya, maziwa, juisi, unga, uzito unaotakiwa. Hatari ya njia hii ni kwamba mtumishi aliyechoka anaweza kumkata kauli mbele yako, akatoka amedhalilika na kushikilia msimamo zaidi. Ukiona dalili hiyo mapema, pengine ni bora wewe utangulie kumweleza daktari hali ya nyumbani, akajua anaongea na mtu wa namna gani.

Ipo pia njia ya kati, ya kumwacha na jiko lake na kumwomba nyongeza. Mboga zake ni nzuri, zibaki, ila ziongezwe chanzo cha protini katika kila mlo, na milo iwe midogo mara tano au sita kwa siku badala ya sahani kubwa inayokutisha. Katika siku za ladha ya chuma, chakula kilichopoa hutoa harufu kidogo kuliko cha moto, kijiko cha plastiki au cha mbao husaidia wengine, na kusukutua kwa maji yenye chumvi na magadi ya kuokea kidogo kabla ya kula husafisha mdomo. Yeye anayependa kufanya kazi kwa bidii atapata kazi humo. Udhaifu wa njia hii ni kwamba inaweza kukushawishi kuuacha ule unga uendelee bila kuuzungumzia, ili msigombane, na hilo peke yake nisingependa liingie katika maridhiano yoyote.

Utachagua wewe, kwa kuwa wewe ndiye unayemjua dada yako anavyosikiliza: anasikia zaidi akiwa peke yenu jioni, au akiwa mbele ya mtu mwenye koti jeupe? Ukiamua kuanza na mazungumzo ya ninyi wawili, huenda ingefaa kuanza na mama kabla ya mayai. Muulize mama alikula nini miezi yake ya mwisho, na nani alikuwa anampikia, kisha umwache aseme mpaka amalize.

Na siku mtakayokwenda kliniki, hata kama suala la chakula halitapata nafasi, ulizeni kuhusu vipimo vya jeni kwa familia, na kuhusu dada yako mwenyewe kupimwa matiti. Katika barua yote umeniambia anavyoamka, anavyofua na anavyopika, lakini sikuona mahali palipoandikwa kwamba amewahi kupimwa.